Kwaya ya Rujewa Isiyoimba

Wiki iliyopita mmoja wenu, jina nalihifadhi kwa sababu mama yake namfahamu, alinikuta nikitoa vitu vyangu kabatini, akaniuliza kama ile kamba kuukuu ya katani inayoning'inia mlangoni tuitupe. Ameona Iringa mjini kuna kamba za nailoni, za rangi, hazichubui mikono. Nikamwambia aitupe, ila anitupe na mimi humohumo. Akacheka, akadhani bibi anatania. Nimekaa nyumbani siku tatu na hasira zangu, nikaona hasira bila karatasi ni kazi bure. Ndiyo maana naandika.

Ninyi wenzangu vijana mnaoshika kazi hapa kituoni Ilula mnadhani kila kitu chenye faida kimeletwa na semina. Hamkosei sana. Semina zimeleta mengi, hata jina. Sisi wakati ule hatukuwa na neno usonji. Tulikuwa na "mtoto wa fulani, unamjua yule," na mwenzako akijibu "aa, namjua," basi uchunguzi wa kitaalamu umekwisha.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Mishahara ilikuwa midogo na mimi nilikuwa mfupi, vyeo vikanipita juu. Serikali ilinistaafisha zamani kwa barua yenye muhuri, nikaendelea kujitolea hapa. Mwaka huu yamenistaafisha magoti, nayo hayana hata adabu ya kuandika barua.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, msichana wa milimani juu ya Mbeya, niliyelelewa kwa viazi na baridi. Mafunzo tulipewa Iringa, miezi mitatu: kufuma, kupiga pasi, kuoka keki ndani ya debe, na kusimama wima mbele ya wakubwa. Mtoto asiyesema hakuwamo kwenye daftari. Baada ya hapo nikaitwa Bibi Maendeleo, nikakabidhiwa baiskeli ya kiume, sanduku la bati lenye sindano za kufumia na marobota ya sufu ya bluu, na bunda la karatasi lililoitwa Fomu ya Vyama. Nikapangiwa Rujewa. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha akina mama wa bonde la Usangu kufuma kofia za sufu za watoto.

Kama hujawahi kufika Rujewa mwezi wa kumi, nitakueleza. Kuku wanatembea wamefungua midomo. Akina mama walikuja siku ya kwanza, wakaishika ile sufu, wakaipitisha mkono hadi mkono kwa heshima kama mtu anayepewa maiti ya paka. Mmoja akauliza, "Bibi, sasa hii anavaa mtoto, au tunamfunikia mtu aliyetukosea?" Nikasema ni ya mtoto. Wakanionea huruma, wakafuma. Watu wa kule wana adabu, hilo nitalisema mpaka kaburini.

Pale kwenye baraza, maana yake mahakama ya wenyeji, alikuwepo karani aitwaye Bwana Elia. Alikuwa mtu msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na imani yake ilikuwa moja. Kila nilipomwendea na shida alinijibu, "Bibi Maendeleo, kitu kisicho na kisanduku kwenye fomu hakipo." Visanduku vyenyewe vilikuwa vinne: Ufumaji, Upishi, Usafi, Kwaya. Chama cha akina mama lazima kitiwe alama kwenye kimoja, la sivyo hakipo, na waliomo nao ni kama hawapo.

Wiki ya pili nikaanza kuwafuata majumbani wale wasiohudhuria. Nyumba ya mwisho kabla ya mifereji ya mpunga ilikuwa ya Mama Lusungu. Mumewe alikwenda migodini kusini, akawa anatuma salamu, kisha hata salamu zikaacha kuja. Nilipiga hodi, "Kamwene!" Sikujibiwa. Nikazunguka uani. Pale kwenye nguzo ya kibanda cha jikoni nilikuta mtoto wa kike, miaka saba hivi, amefungwa kiunoni kwa kamba ndefu ya katani. Alikuwa anazungusha mfuniko wa sufuria chini, unazunguka wiiii mpaka unalala, anauokota, anauzungusha tena. Ananguruma kwa ndani, sauti moja, hapandishi wala hashushi. Hakunitazama hata kidogo.

Mama akatokea na jembe begani. Mimi, binti wa miezi mitatu ya mafunzo, nikamshukia. Nilisema maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani kujificha uvunguni. Nilimuuliza kama yeye ni mama au ni askari jela. Aliniacha nimalize, akatua jembe, akasema taratibu, "Umemaliza, Bibi? Haya. Mfungue. Kaa naye mpaka jua lifike hapa," akaonyesha juu ya paa, "mimi nikapalilie mpunga wangu mistari miwili."

Nikamfungua. Nikageuka kufungua sanduku nimtolee sufu achezee. Jamani, nimegeuka tu! Niligeuka tena, mfuniko upo, mtoto hayupo. Nilikimbia mpaka kwenye mfereji mkubwa nikamkuta ndani, maji shingoni, anacheka kwa furaha ambayo sijaiona kwa mtu mzima yeyote. Nikaruka na viatu, na sare, na saa ya mkononi niliyoazimwa na dada yangu. Mimi mtu wa milimani, kuogelea nakusikia tu. Kwa kifupi, Mama Lusungu alituopoa wote wawili.

Hakunisema. Alimfunga mtoto tena kwenye nguzo, akaenda ndani akaniletea khanga yake nijifunge wakati sare inakauka. Halafu akakaa chini akalia. "Nimemfunga tangu alipojua kutembea," alisema. "Nikimfunga naonekana mchawi. Nikimwachia atakufa. Niambie basi, wewe uliyesoma, nichague lipi?" Hiyo ndiyo kesi yangu ngumu ya kwanza, na viatu vyangu vilikuwa vinachuruzika maji nikiisikiliza.

Nikauliza kama kuna wengine. Hapo ndipo nilipojifunza mbinu ambayo bado naitumia: usimuulize mama habari za mtoto wake, muulize habari za jirani. Ndani ya siku nne nilipata taarifa za watoto tisa. Mama wa kwanza alinitajia mtoto wa mama wa pili, wa pili akanitajia wa tatu, hivyohivyo wakazunguka, na wa tisa akanitajia wa mama wa kwanza. Kila mmoja, ukimtoa Mama Lusungu, alisema, "Sisi kwetu hakuna, lakini pale kwa mwenzangu, masikini!" Niliwaita wote siku moja, waje kuzungumzia watoto wa jirani. Walipoangaliana pale mlangoni, mmoja akaangua kicheko, na wengine wakafuata mpaka machozi. Chama kikazaliwa.

Chumba kilikuwa kimoja tu kilichobaki wazi pale Rujewa, nacho ni lokapu ya baraza, ile ya kuwaweka mahabusu. Kuta nene za matofali mabichi, dirisha dogo juu, mlango mmoja mzito. Bwana Elia alikubali tuitumie, mradi siku za kesi tukae pamoja na mahabusu kwa utulivu. Nyie mnapigania vyumba vyenye mwanga na picha ukutani. Nawaambia, wale watoto waliipenda lokapu kuliko kwao. Hakuna kelele, hakuna ng'ombe, hakuna shangazi wa kuwalazimisha kusalimia. Mtoto aliyekuwa akiziba masikio mchana kutwa aliingia mle, akatoa mikono masikioni, akalala.

Ilibaki fomu. Bwana Elia aliishika kalamu. "Hawa wanafuma?" Hapana. "Wanapika?" Hapana. "Ni wasafi?" Tukawatazama watoto. "Basi ni kwaya," akasema, akatia alama.

"Bwana Elia, saba kati yao hawasemi neno."

"Kwaya haisemi, Bibi. Kwaya inaimba."

Sasa nimtaje mwalimu wangu. Mnapoulizwa mlijifunza wapi kazi, mnataja vyuo. Mimi nilifundishwa na mwizi wa kuku. Mzee Kipeta alikuwa mahabusu wa kudumu pale, mtu mwembamba, mpole, fundi wa kusuka mikeka. Siku ya kwanza tulipoingia na watoto alikuwa kakaa pembeni anasuka, mkono unakwenda na kurudi, ukindu unasema shwe, shwe. Mimi nilikuwa katikati ya chumba napiga makofi na kuimba kama tulivyofundishwa, watoto wanapiga vichwa ukutani. Mzee akaniambia, "Binti, nyamaza kidogo. Unawafukuza." Nikanyamaza kwa hasira. Baada ya muda, mmoja mmoja, wakasogea kwenye ule mkeka. Lusungu akashika ukindu mmoja, akawa anaupitisha midomoni. Hakuwaita, hakuwatazama. Alisuka tu.

Huo ndio ufundi wote, na mengine niliyosoma baadaye yameongeza maelezo. Fanya kitu kizuri polepole karibu na mtoto, na usimdai chochote. Tulileta udongo wa mfinyanzi, tukaleta madebe, tukaleta mkaa wa kuchorea. Kijana mmoja wa miaka kumi na miwili, Tito, alikuta ukutani ile michoro ya mahabusu wa zamani, vijistari vya kuhesabu siku. Akaiendeleza. Kwa miezi miwili akachora vijistari kuta zote nne, vimenyooka kuliko vya karani. Bwana Shauri, yule mkubwa wa boma, alipokuja ukaguzi alisimama pale akahesabu mpaka akachoka, kisha akageuka mwekundu, anataka kujua ni nani amewekwa ndani miaka ishirini bila kesi. Hakimu na karani walipekua majalada siku mbili wakimtafuta huyo mtu.

Kifungo cha Mzee Kipeta kilikwisha, na kanuni ilisema raia huru haruhusiwi kuingia lokapu. Akaenda kwao. Watoto wakavurugika, mikeka ikasimama, Lusungu akarudia kupiga paji la uso. Siku ya tatu asubuhi Mzee akaingia barazani na kuku kwapani, akapiga magoti mbele ya hakimu. "Nimeiba," alisema.

"Umeiba wapi?"

"Kwangu."

Hakimu akauliza kuku ni wa nani. Mzee akasema ni wake, tangu kifaranga. Palikuwa na mjadala mrefu wa sheria. Mwishowe hakimu alimtia ndani wiki sita kwa kosa la kuisumbua mahakama, na kuku akawekwa kama kielelezo. Nadhani hakimu naye alielewa. Alikuwa na mpwa kwenye kile chama, ingawa yeye siku zote alimwita mtoto wa jirani.

Halafu ikaja barua kutoka Mbeya, makao ya jimbo. Kila chama kionyeshe kazi yake kwenye maonyesho ya jimbo, mwaka ule Iringa. Chama kitakachoshindwa kitafutwa na chumba chake kirudi kwa baraza. Bwana Elia alinisomea mara mbili. Alikuwa tayari ameshapata matumizi ya lokapu: viti vya sherehe havina pa kulala.

Nilikwenda kumwambia Mama Lusungu. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha kupepeta. "Kwa hiyo viti vitakaa ndani," alisema, "na mwanangu atarudi nguzoni." Mle lokapu Lusungu alikuwa hafungwi. Zilikuwa saa nne kila siku, na mama alikuwa ameshapanda mistari ambayo miaka yote ilikuwa majani. Nikamwahidi kwamba watoto wataonekana Iringa. Nilipotoka nje nilijiuliza nimeahidi nini, kwaya ya watoto tisa wasioimba, ambao hata kuvuka barabara wanatawanyika kama kuku.

Nilimweleza Mzee Kipeta. Alimaliza mstari wa mkeka, kisha akasema, "Nilipofungwa kifungo kikubwa, tulichimba barabara. Walitutembeza kwa kamba moja, kila mtu na fundo lake. Hakuna aliyepotea. Na nitakwambia kitu cha aibu, binti. Ukizoea, lile fundo linakuwa kama mkono wa mtu. Unajua mbele yuko mwenzako na nyuma yuko mwenzako." Akapasua ukindu kwa meno. "Ila sisi tulifungwa. Hawa washike wenyewe."

Nilitafuta kamba Rujewa nzima. Asubuhi ya pili Mama Lusungu alikuja na ile ya nguzoni, akamtupia Mzee miguuni. Alisema, "Hiyo ndiyo ninayo," akaondoka haraka. Mzee akapiga mafundo kumi. La kwanza la Lusungu, kwa sababu aliijua ile kamba, la kumi lake mwenyewe. Tulifanya mazoezi wiki tatu kuzunguka baraza. Siku za kwanza walishika kwa hatua tano. Wiki ya mwisho walizunguka nyumba mara mbili. Kuimba hatukujaribu. Mpango ulikuwa wafike, wasimame, wapige madebe yao pamoja na Mzee, tutoke.

Tulisafiri nyuma ya lori, Mama Lusungu akiwa nasi. Pale kwenye baridi ya Mafinga, upepo unakata masikio, ndipo nilipofungua sanduku la bati. Kofia za sufu za bluu! Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, kazi yangu ilikuwa na maana. Watoto tisa wakavaa, Mzee Kipeta akavaa, na tarishi wa baraza, aliyetumwa amlinde Mzee asitoroke, akavua kofia yake nyekundu akavaa ya bluu pia. Mzee hakuwa na mpango wa kutoroka. Tarishi ndiye aliyepotea mara moja, tulimngoja.

Tukateremka uwanjani Iringa, lori likaenda kupakia mbolea, na madebe yetu yakaenda nalo. Niligundua wakati tunaitwa. Palikuwa na kwaya za misheni zenye sare nyeupe, zimeimba sauti nne mpaka mabati yanatetemeka. Waamuzi walikuwa wawili, mwalimu mmoja wa misheni, na Bwana Mifugo ambaye tangu asubuhi alikuwa akipanga madume ya ng'ombe kwa ubora na hakupewa muda wa kupumzika. "Kwaya ya Rujewa!" wakaita. Nikamwambia Mama Lusungu hatuna madebe. Akaniambia, "Wameshashika mafundo, Bibi. Waingie."

Wakaingia. Mstari mmoja, kofia za bluu, kila mkono kwenye fundo, Lusungu mbele, Mzee nyuma, na nyuma ya Mzee tarishi ameshika ncha ya kamba, mgongo wima. Wakafika katikati. Wakasimama. Na hawakufanya kitu.

Watu wakangoja, mtu akakohoa. Lusungu akaanza kunguruma ile sauti yake moja, chini kabisa. Basi yule mwalimu wa misheni, Mungu ambariki, akaelewa anavyoelewa yeye. Alivua kofia, akainamisha kichwa. Bwana Mifugo alipomwona mwenzake vile, akasimama mguu sawa. Wakubwa wote jukwaani wakasimama. Uwanja mzima ukasimama, wanaume kofia mikononi, akina mama wakajitanda khanga. Nikasikia nyuma yangu, "Nani kafa?" "Sijui. Mkubwa." "Mkubwa yupi?" "We! Kwani hukusikia?" Kufikia mwisho wa mstari wa kumi, mama mmoja alikuwa ameshamlilia marehemu na kutaja fadhila zake.

Ningecheka, wanangu, lakini nilimwona Lusungu ameinua kichwa. Upande wa pili wa uwanja palikuwa na josho la ng'ombe, lile shimo refu la dawa ya kupe, limejaa mpaka ukingoni, linametameta juani. Na Lusungu kwenye maji hakuwa na simile.

Akaanza kutembea. Kamba ikamfuata, watoto wote nyuma, Mzee, tarishi. Na uwanja mzima, ukiamini ndio msafara wa mazishi, ukaingia nyuma yao kwa mwendo wa taratibu, wakubwa mbele. Nilitaka kukimbia nimkamate. Mama Lusungu alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. "Mwache," alisema. "Mwache, Bibi. Nataka nione." Nikamwambia ile ni sumu. "Najua ni sumu! Maisha yangu yote nimemshika mimi. Nataka nione kama anashika mwenyewe."

Lusungu alifika ukingoni. Nyuma kabisa Mzee Kipeta akaketi majanini, kama mtu aliyechoka, fundo lake kifuani, na tarishi naye akaketi, kwa sababu amri ilikuwa asimwache. Kamba ikanyooka. Lusungu akasikia mvuto. Alitazama maji. Akatazama mkono wake. Ilikuwa kazi ya kufungua vidole tu, hakuna aliyemfunga. Alinguruma, akayatazama maji tena, muda mrefu.

Hakuachia.

Akaketi pale ukingoni, fundo mkononi, akaendelea kunguruma. Watoto wakaketi. Watu wakaona ndiyo desturi ya Rujewa, nao wakaketi, wakubwa na suti zao kwenye kinyesi cha ng'ombe. Mwalimu wa misheni akatoa sala fupi kwa ajili ya marehemu bila kumtaja, tukasema amina. Mama Lusungu alikuwa amepiga magoti nyuma ya bintiye, hamgusi, analia na kucheka.

Tukawa wa pili. Karatasi ya Bwana Mifugo niliitunza miaka mingi mpaka mchwa wakaisoma. Aliandika: "Mwendo mzuri. Miguu imara. Tabia tulivu. Wanafaa kuendelezwa." Boma lilipokea rambirambi kutoka sehemu tatu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukiri kwamba hajui nani amekufa, wote walijibiwa kwa shukrani. Baada ya muda fomu mpya zikaja kutoka Mbeya zikiwa na kisanduku cha tano, Maombolezo. Bwana Elia alikitia alama, akanitupia ufunguo wa lokapu, na viti vya sherehe vikaendelea kunyeshewa.

Basi tukawa tunaitwa misibani, Ubaruku, Rujewa, mpaka huku Iringa. Nilikataa mwanzoni. Mjane mmoja akaniambia kwaya nyingine zote zilimwambia asilie, lakini wale watoto walikaa naye tu, wakasuka. Nikaacha kukataa. Mzee Kipeta naye alipokufa tulimzika sisi, na tangu siku hiyo fundo la kumi halishikwi na mtoto. Ndilo mnalogombania kila asubuhi bila kujua ni la nani. Ni la mwizi wa kuku wake mwenyewe.

Nilipohamishiwa huku, akina mama wa Rujewa walisokota kamba nyingine wakanipa hii. Mikono imeilainisha yenyewe, kwa hiyo mambo ya nailoni isiyochubua sitaki kuyasikia.

Nimebakiza siku tuliyorudi kutoka Iringa. Nilipita kwa Mama Lusungu jioni, kumpelekea kofia ya bluu ya bintiye aliyoisahau kwenye lori. Lusungu alikuwa uani, anazungusha mfuniko wake. Hakuwa na kamba. Mama yake alikuwa jikoni, moshi mwingi. Kibanda kilikuwa kimeinama upande mmoja, paa karibu liguse ardhi. Nikamuuliza, "Mama Lusungu, nguzo iko wapi?"

Alisukuma ukuni mnene ndani ya moto kwa mguu.

"Inapika wali," alisema. "Kaa ule."